Kihisi cha roboti hakipimi umbali. Acheni kuwadanganya wanafunzi!

Leo sina mafunzo ya hatua kwa hatua. Leo nina ugomvi, na nimeubeba tangu niliporudi kutoka Meru.

Mwezi uliopita nilialikwa katika shule moja nje kidogo ya mji wa Meru kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya roboti. Ilikuwa asubuhi ya baridi ile ya mlimani, watoto wote wamejifunga masweta mazito. Kazi ya roboti ilikuwa nyepesi: itembee mbele, na ikifika sentimita 20 kutoka kwenye kitu chochote, isimame. Ilisimama mbele ya katoni. Ikasimama mbele ya ukuta. Makofi!

Kisha msichana mmoja wa gredi ya 8 akapiga magoti mbele yake, sweta limemning'inia mpaka chini. Roboti ikaja moja kwa moja ikamgonga. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Aliuliza, "Mwalimu, kwa nini imeona katoni na haikuniona mimi?"

Mkufunzi aliyeletwa na wauzaji wa vifaa hivyo alijibu bila kufikiri: "Hicho kihisi kimeharibika." Akakichomoa, akachomeka kingine kipya. Roboti ikamgonga tena. Mkufunzi akasema vifaa vya bei rahisi ndivyo vilivyo, tuendelee na kundi linalofuata.

Ndugu msomaji, lile lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoyasikia siku ile, na lilizikwa na mtu aliyelipwa kuja kufundisha. Nina hakika hakuwa na nia mbaya. Hakujua jibu, kwa sababu na yeye alifundishwa kwamba ukichomeka kihisi kwenye tundu la rangi ya buluu, kisha ukavuta kitufe kilichoandikwa "umbali" kwenye kioo cha kompyuta, umbali unapatikana. Kwisha.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: kile kihisi HAKIPIMI umbali. Hakijawahi kupima umbali hata siku moja. Kinapima muda. Umbali ni hesabu tunayoifanya sisi, na ndani ya hesabu hiyo mna dhana zinazoweza kuwa za uongo. Anayemfundisha mtoto roboti bila kumwambia hivyo hamfundishi teknolojia. Anamfundisha kuamini kisanduku.

(Neno langu ni "kihisi". Najua wengi mnasema sensa, lakini mimi nikisikia sensa nakumbuka wale waliokuja kutuhesabu mwaka 2019.)

KINAVYOFANYA KAZI

Chukua HC-SR04, kile kihisi chenye macho mawili ya duara kinachouzwa kila duka la vifaa vya elektroniki. Changu nilikinunua Luthuli Avenue, Nairobi, kwa shilingi 200. Kina pini nne: Vcc, Trig, Echo na Gnd.

Bodi ya roboti inapandisha umeme kwenye Trig kwa mikrosekunde 10. Kihisi kinajibu kwa kupiga mawimbi manane ya sauti yenye mitetemo 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000, kwa hiyo husikii kitu. Hapo hapo pini ya Echo inapanda. Sauti inakwenda, inagonga kitu, mwangwi unarudi, na Echo inashuka. Basi. Kazi ya bodi ni kuhesabu Echo imekaa juu kwa mikrosekunde ngapi.

Ni saa ya kupimia mbio, si tepu ya fundi!

Halafu inakuja ile namba maarufu, 58. Kila mfano utakaoupata unasema ugawe muda kwa 58 upate sentimita. Ukipata mikrosekunde 1,160, kitu kiko sentimita 20. Lakini 58 imetoka wapi? Sauti ikikimbia mita 345 hivi kwa sekunde, hutumia mikrosekunde 58 kwenda sentimita moja na kurudi. Na sauti hukimbia kasi hiyo hewa ikiwa na joto la nyuzi kama 22. Kumbe ndani ya namba 58 kuna hali ya hewa ya mahali fulani, na hakuna aliyekuuliza kama ndiyo ya kwenu.

Rafiki yangu mmoja hubisha kwamba huku kwetu vipimo vinapotoka kwa sababu tuko juu ya mlima. Hapana. Kinachobadilisha kasi ya sauti hewani ni joto hasa, si urefu wa mahali. Kila nyuzi moja ya joto huongeza kama mita 0.6 kwa sekunde. Meru ya asubuhi ni tofauti na Meru ya saa nane mchana kwa sababu ya jua.

Sasa lile sweta. Katoni na ukuta ni vigumu na bapa, vinarudisha sauti vizuri. Sufi nzito inaimeza. Kitu kilichoinama nacho kinaitupa sauti pembeni, kama mpira unaogonga ukuta wa mshazari. Mwangwi haurudi. Na mwangwi usiporudi, kihisi hakina neno la kusema "sijui". HC-SR04 nyingi huacha Echo juu kwa karibu milisekunde 38, kisha huishusha tu. Gawa mikrosekunde 38,000 kwa 58, unapata sentimita 655. Roboti inasoma mita sita na nusu za njia nyeupe, na mbele yake amepiga magoti mtoto wa watu.

Kihisi hakikuwa kibovu. Kilichokuwa kibovu ni somo.

DHAMBI ZANGU MWENYEWE

Kabla hamjasema najifanya mjuaji, sikilizeni. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta. Nilisoma miaka minne, nikafaulu. Katika miaka hiyo minne sikuwahi hata mara moja kuweka namba ya kompyuta kando ya namba ya tepu nikaulizwa kwa nini hazilingani. Na sweta si kosa kubwa kama nililolifanya mimi mwenyewe kwetu Embu.

Mjomba wangu anakaa upande wa Siakago, kule Mbeere ambako mvua haitegemewi kama huku juu karibu na mlima. Ana ng'ombe wa maziwa na tenki la maji linalojazwa na pampu. Nikajitolea kumtengenezea mtambo: HC-SR04 juu ya tenki ikitazama maji, bodi ya Arduino, na swichi ya kuwasha pampu. Programu yangu ilikuwa mistari michache tu. Umbali ukizidi sentimita 150, maji yamepungua, washa pampu. Ukishuka chini ya 30, zima. Nikapigwa picha nimesimama kando ya tenki. Nikarudi Nairobi.

Baada ya wiki tatu mjomba akanipigia simu. "Mwanangu, mashine yako inasema tenki limejaa, na ng'ombe wanalia kiu."

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya tenki mna mvuke. Matone yalikaa kwenye uso wa kihisi, ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya maji, na mwangwi ukakosa kurudi. Mimi nilikuwa nimetumia amri ya pulseIn, na kwa kujiona fundi nikaiwekea kikomo cha mikrosekunde 30,000 ili isisubiri sana. Kikomo ni kitu kizuri. Bila hicho amri hiyo husubiri hadi sekunde nzima, na roboti inayotembea sentimita 30 kwa sekunde itakuwa imekwenda sentimita 30 macho yamefumba. Lakini muda ukiisha bila jibu, pulseIn hurudisha sifuri. Nikagawa sifuri kwa 58, nikapata sifuri. Umbali sifuri maana yake maji yamegusa kihisi. Tenki limejaa pomoni! Zima pampu!

Linganisha na roboti ya Meru. Kule mwangwi ulikosa kurudi na roboti ikasoma njia iko wazi. Kwangu mwangwi ulikosa kurudi na programu ikasoma tenki limejaa. Kutojua ni kule kule kumoja, na kumezaa uongo wa aina mbili zinazopingana kabisa. Na katika sehemu zote mbili hakuna taa nyekundu iliyowaka wala ujumbe wa kosa uliotokea. Namba ilikuja safi, yenye adabu, kama namba nyingine zote.

Kuna na hili. Huko Siakago joto linaweza kuwa nyuzi 16 alfajiri na 30 mchana. Maji yaliyo mita 2 kutoka kwenye kihisi, ukitumia 58 ile ile, yatasomeka kama sentimita 202 alfajiri na 197 mchana. Maji hayajasogea hata tone. Tenki la mjomba lina upana wa mita 1.8, kwa hiyo hizo sentimita 5 ni karibu lita 127. Yaani mtambo wangu ulikuwa unanywesha na kutapisha tenki lita 127 kila siku, kwenye karatasi tu.

Ng'ombe walikaa karibu siku mbili bila maji ya kutosha kabla mzee hajaacha kuiamini mashine na kupanda ngazi kuchungulia kwa macho yake. Aliiamini siku zote hizo kwa sababu ilitengenezwa na mtu mwenye digrii. Hilo ndilo linaloniuma.

WAYA NNE, MITEGO MITATU

Kwa kuwa najua kuna watakaokwenda kuunganisha leo leo, hii hapa mitego ambayo tundu la buluu linaificha.

Wa kwanza, volti. HC-SR04 ya kawaida hutumia volti 5, na pini yake ya Echo hurudisha volti 5. Kwa Arduino Uno hakuna tabu, nayo ni ya volti 5. Lakini ESP32 na Raspberry Pi pini zake ni za volti 3.3. Ukiingiza 5 moja kwa moja unaweza kuiua pini, au bodi nzima. Dawa yake ni rezista mbili: ya kilo-ohmu 1 kutoka Echo hadi kwenye pini ya bodi, na ya kilo-ohmu 2 kutoka pini hiyo hiyo hadi Gnd. Pale katikati utapata volti 3.3. Rezista mbili tu! Mimi nilijifunza baada ya kuua bodi moja, na nilikuwa nimeshamaliza chuo.

Wa pili, Gnd. Watu wengi wanawapa mota betri yake na bodi betri yake, jambo ambalo ni zuri. Kisha wanasahau kuunganisha Gnd za betri hizo mbili. Matokeo yake ni namba zinazorukaruka kama panzi, na kihisi kinatupwa bure.

Wa tatu, haraka. Ukipiga sauti ya pili kabla mwangwi wa kwanza haujaisha chumbani, utasikia mwangwi wa jana ukadhani ni wa leo. Acha milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo.

Hakuna hata kimoja hapo kinachomshinda mtoto wa gredi ya 8. Hakuna!

TATIZO SI WATOTO

Tuseme ukweli tumefikaje hapa. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa tabuleti katika shule za msingi. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala, KICD, ikaidhinisha mtaala wa uandishi wa programu za kompyuta. Mwaka 2023 wanafunzi wa kwanza wakaingia gredi ya 7 chini ya mtaala wa umilisi. Yote haya nayaunga mkono. Mimi niligusa kompyuta yangu ya kwanza nikiwa mkubwa, ningefurahi sana kuanza mapema kama wao.

Lakini mlango ukifunguliwa, wachuuzi nao huingia. Shule inataka kitu cha kuwaonyesha wazazi siku ya wazazi. Roboti inayotembea na kusimama inaonekana vizuri kwenye simu. Jedwali la vipimo kumi lililoandikwa kwa penseli halionekani vizuri kwenye simu. Basi shule inanunua kisanduku kilichofungwa, na mkufunzi anakuja na kisanduku, na mzazi aliyeuza chai au kahawa yake kulipa ada anaambiwa mtoto sasa ni mhandisi.

Na visanduku hufa. Watengenezaji wakubwa kuliko wote, LEGO, walikuwa na Mindstorms, na ile ya mwaka 2006 ilikuja na kihisi chake cha mwangwi, safi, cha kuchomeka tu. Mwisho wa mwaka 2022 wakaacha kuitengeneza. Aliyekuwa amejifunza tundu la kuchomeka alipoteza alichojifunza. Aliyejifunza kwamba sauti inatumia muda kwenda na kurudi hajapoteza kitu. Popo wanaitumia kanuni hiyo tangu zamani za kale, Polaroid waliitia kwenye kamera mwaka 1978 ili ijipange yenyewe kulingana na umbali wa mtu, na bado inafanya kazi kwenye kifaa cha shilingi 200.

"LAKINI..."

Najua mtaniambia nini.

"Watoto wanahitaji furaha kwanza." Sawa. Yule msichana alikuwa na furaha? Alichekwa, akajibiwa uongo, akanyamaza. Furaha ya mtoto ni kujibiwa swali.

"Walimu hawajafunzwa." Kweli, na siwalaumu. Mwalimu mwenye darasa la watoto sitini hawezi kuwa na muda wa kufungua kila kifaa. Lakini mwalimu wa sayansi anaujua mwangwi kuliko mkufunzi wa kisanduku! Uko kwenye kitabu chake. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kifaa hiki na ukurasa ule ni kitu kimoja.

"Kurahisisha ndiyo maendeleo, wewe mwenyewe hutengenezi kompyuta yako." Hoja nzuri, na mimi ni mwandishi wa programu, nalala na kuamka juu ya kazi za wengine ambazo sizioni ndani. Tofauti ni hii: kisanduku kizuri husema kinaposhindwa. Hiki kinashindwa kimya kimya halafu kinakupa namba. Ukinipa kisanduku kinachosema "sijui", nitafunga mdomo.

NINACHODAI

Madai yangu ni matatu tu, na hayahitaji bajeti.

1. Kabla roboti haijapewa magurudumu, mtoto aweke kihisi mezani, achukue tepu, apime umbali kumi tofauti, na aandike namba za tepu na za kihisi bega kwa bega. Kisha aeleze tofauti.

2. Programu ya kwanza ionyeshe MIKROSEKUNDE, si sentimita. Mtoto agawe mwenyewe kwa kalamu. Akishajua 58 imetoka wapi, mruhusu atumie kitufe.

3. Programu yoyote iseme itafanya nini jibu lisipokuja. Sifuri si jibu. 655 si jibu. Kwa roboti, kutojua maana yake ni kusimama. Kwa tenki la mjomba, kutojua maana yake ni kupiga kengele na kumwita mtu. Uamuzi huo ni wa mwanadamu, kihisi hakiwezi kuufanya.

Na wewe mwalimu mkuu au mzazi unayeletewa kisanduku, usiulize kina vipande vingapi. Muulize muuzaji maswali mawili: mwangwi usiporudi, kifaa hiki husoma namba gani? Na pini ya Echo inatoa volti ngapi? Akibabaika, mpe chai, mshukuru, mwache aende.

Siku ile Meru sikuondoka hivi hivi. Wakati wa chakula cha mchana nilimtafuta yule msichana. Tukachukua ile katoni, akavua sweta lake akalifunika juu yake, tukaweka kihisi changu mbele na tepu chini. Katoni tupu kwenye sentimita 50: 50, 50, 51, 50. Katoni yenye sweta: 52, 655, 655, 49, 655. Aliangalia namba zile muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hivyo haikujua, ikasema inajua."

Miaka minne ya chuo kikuu, na hakuna aliyeniambia hivyo.

Jumamosi nashuka Siakago. Nimebadilisha programu: vipimo vitano badala ya kimoja, nachukua cha katikati, na visipopatikana angalau vitatu vya maana, kengele inalia. Nimeongeza kipima joto cha kurekebisha ile 58, na kihisi kipya cha aina isiyoingia maji. Hicho hakioni chochote kilicho karibu zaidi ya sentimita 25 hivi, kwa hiyo nitakiinua juu ya mdomo wa tenki. Mjomba amekubali nijaribu tena, kwa sharti moja: ngazi haiondoki.

Nimemwambia sharti lake ni la kihandisi kabisa.